Turubai la Siku Tatu

HOJA YA DHARURA KUHUSU UHALALI WA TURUBAI LA SIKU TATU KUONEKANA KWENYE RAMANI INAYOCHORWA NA KILA MTU. Hivyo ndivyo Katibu alivyoipa jina, tena akiwa amesimama, ingawa kijiweni kwetu hakuna aliyewahi kusimama ili azungumze. Katibu ni karani mstaafu. Ofisi ilimpa pensheni ndogo na mazoea makubwa ya kutamka vichwa vya barua kwa sauti. Kijiwe chenyewe ni benchi refu lililoegemea kibanda cha fundi simu, likitazamana na duka la ushonaji ng'ambo ya barabara. Fundi simu tunamwita Ramani, kwa sababu jioni, wenzake wakiangalia mpira, yeye huchora mitaa kwenye ile ramani ya mtandaoni ambayo mtu yeyote anaweza kuiongezea njia au kuipunguzia. Wa tatu ni Breki, dereva wa teksi, aliyepewa jina la kitu ambacho gari lake halina. Mimi hushika birika la kahawa. Asubuhi hiyo, Alhamisi, gari la matangazo lilikuwa limepita likisema kwamba madaktari wa macho wanaanza kesho, siku tatu, chini ya maturubai kwenye uwanja wa maghala, na matibabu ni bure.

— Naweka alama yao kwenye ramani leo leo, alisema Ramani.

— Huiweki, alisema Katibu. Mwaka jana uliiweka. Ikawaje?

Ilivyokuwa tunajua sote. Mwaka jana madaktari walikuwa uwanja wa shule. Ramani akaweka alama. Madaktari wakaondoka, alama ikabaki. Shangazi yake, dada wa baba yake, ndiye mwenye duka la ushonaji, na siku zile alikuwa amebanwa na nguo za harusi. Alipopata nafasi aliifuata alama ya mpwa wake mpaka mwisho, akakuta watoto wanacheza mpira na mwalimu mkuu aliyechoka kuulizwa. Baadaye mtu tusiyemjua, mmoja wa wanaoipitia ramani hiyo, aliifuta alama na kuacha maneno machache: vitu vya muda haviwekwi.

Tangu hapo macho ya Shangazi yamezidi kufifia. Ushahidi tunauvaa. Zipu ya Breki inapinda kushoto kama njia ya ng'ombe. Shati langu lina kifungo kilichoshonwa mahali pasipo na tundu la kukipokea. Hakuna aliyesema kitu. Mtu aliyekushonea tangu ulipokuwa na kiuno, utaanzaje kumwambia haoni?

— Ramani ni ya vitu vinavyokaa, aliendelea Katibu. Barabara. Mto. Hospitali. Turubai ni nguo, bwana! Umeona wapi nguo imechorwa kwenye ramani?

— Mzee, ile ofisi uliyostaafia ilikuwa imeandikwa nini mlangoni? aliuliza Ramani.

— Ofisi ya Muda.

— Uliingia una umri gani?

— Hilo halihusiani na hoja.

— Uliingia kijana, ukatoka na mvi. Na kwenye ramani ipo, na saa zake za kufungua!

— Ipo kwa sababu imethibitishwa rasmi kuwa ni ya muda. Hilo turubai lako nani amelithibitisha?

Breki akanyoosha kikombe nimwongezee.

— Nyie mnazunguka tu. Dawa yake ni zege. Tunamwaga zege kidogo chini ya kila nguzo, turubai linakuwa jengo. Jengo halifutwi.

— Jengo linataka kibali, alisema Katibu.

— Basi ndoo moja tu. Nani anaombea kibali ndoo moja?

— Ndivyo mji unavyoharibika! Ukiruhusu turubai leo, kesho mtu anaweka harusi yake. Keshokutwa mtu anachora dimbwi la mvua.

— Dimbwi la pale kona lichorwe! Limemeza bampa yangu. Na kila masika linarudi palepale. Diwani mwenyewe harudi kama lile.

— Mwishowe ramani itaandika: hapa Breki anagombana na trafiki.

— Hiyo siyo ya muda, alisema Ramani. Hiyo naiweka leo.

Tulicheka, Breki akacheka nasi, kisha akaweka kikombe chini kwa namna ya mtu aliyefunuliwa jambo.

— Sikilizeni. Mji mzima ni wa muda. Barabara ya sokoni ilifungwa kwa muda. Sasa imeota mchicha na watu wanachuma. Taa za njia panda ziliondolewa kwa muda. Kwa hiyo tufute kila kitu! Ramani ibaki nyeupe, watu waulizane njia kama zamani.

— Wamuulize nani? nikasema.

— Dereva wa teksi. Kwa heshima, na kwa nauli.

Katibu alikohoa kikohozi cha mkutano.

— Napendekeza iundwe kamati ya kuchunguza maana ya neno "muda."

— Kamati ya muda?

— Ya kudumu.

Ramani hakucheka. Alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili.

— Undeni hata tatu. Mimi naiweka. Safari hii naandika na siku ya mwisho, na Jumapili jioni naifuta kwa kidole changu. Wakiifuta kabla, nairudisha. Wakiifuta tena, nairudisha tena. Shangazi yangu haendi kutazama mpira wa watoto mara ya pili.

Hapo ndipo Shangazi alipovuka barabara, polepole, mkono mmoja mbele, mwingine umebeba koti la Katibu.

— Shikamoo Shangazi, tulisema, pamoja na Katibu anayemzidi miaka.

— Marahaba. Katibu, jaribu.

Katibu alilivaa. Lilimkaa vizuri mabegani. Akatoa miwani yake ili aitie mfukoni. Haikuingia. Akajaribu tena, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ya wafiwa. Mdomo wa mfuko ulikuwa umeshonwa wote, mshono imara, usiopitisha hata kijiti cha kiberiti. Aliitazama miwani, akaivaa.

— Kazi safi, Shangazi. Kama dukani.

Breki aliinamia kikombe chake.

— Mnabishana nini tangu asubuhi? aliuliza Shangazi. Nasikia mpaka habari za zege.

— Alama ya madaktari wa macho, alisema Ramani. Mimi nasema iwekwe.

— Iwekwe wapi?

— Kwenye ramani, Shangazi.

— Wapi kwenye ramani? Maghala yako upande huu wa reli, na upande ule yako vilevile. Na viwanja viwili. Wao wako uwanja upi?

Ramani aliitazama simu. Simu ilimwonyesha mapaa ya kijivu upande huu na mapaa ya kijivu upande ule. Katibu alifungua mdomo, lakini hakikutoka kichwa cha barua wala mwili wake. Breki, ambaye alikuwa ametaka mji mzima umuulize yeye njia, alikuwa akichunguza zipu yake.

— Ina maana hakuna aliyekwenda kutazama, alisema Shangazi. Wala aliyeuliza.

Niliinua birika nimimine, nipate cha kufanya. Lilikuwa tupu.

Ramani alifunga kibanda. Breki alisimama, akapapasa ufunguo.

— Pandeni. Shangazi, kaa mbele.

— Breki zipo? aliuliza Katibu.

— Za muda.

Tulikwenda. Uwanja wa kwanza ulikuwa na mbuzi. Maturubai yalikuwa uwanja wa pili, ng'ambo ya reli, na watu walikuwa bado wanapigilia vigingi. Ramani aliweka alama akiwa amesimama palepale. Ilifutwa kabla hatujafika nyumbani, akairudisha. Ikafutwa, akairudisha na kuandika: "Nilikuwa hapo, nimeyaona." Haikuguswa tena. Ijumaa Shangazi alitibiwa jicho la kulia. Jumapili jioni Ramani aliifuta alama. Hoja ya dharura haijapigiwa kura mpaka leo.

Wiki iliyofuata Shangazi alivuka barabara kwa haraka, akamvua Katibu koti bila neno, akaketi kati yetu na kuufumua mfuko. Kisha akamwambia Breki asimame.