Dada Masikio na Kompyuta Iliyoongea

Wasikilizaji wapendwa, kama una sufuria jikoni, punguza moto uje ukae. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyeishi kwa kusikiliza. Hakuwa mtangazaji, wala hakuwa mwimbaji. Alikuwa mnukuzi. Watu walimletea mazungumzo yaliyorekodiwa, naye akayaandika neno kwa neno. Mawakili walimletea. Watafiti walimletea. Hata sisi hapa kituoni tulimletea, hasa yale mahojiano ambayo mgeni anaongea huku anatafuna.

Tulimwita Dada Masikio. Amezikwa wiki iliyopita. Mdogo wake wa kike ametupa ruhusa kusimulia maisha yake, na maisha yake huwezi kuyasimulia ukaiacha nje kompyuta moja kuukuu. Kompyuta mpakato, hii tunayoiita laptop.

Aliishi chumba kimoja, ghorofa ya chini. Meza ilikuwa dirishani. Siku moja alitoka kwenda sokoni, huku nyuma bomba la jirani wa juu likapasuka. Aliporudi alikuta maji yanadondoka kutoka darini, yanadondoka moja kwa moja juu ya meza. Kompyuta yake ilikuwa imelowa kama nguo iliyosahauliwa kwenye beseni. Aliikausha juani, akaipepea, akaisemesha. Haikuwaka tena.

Kazi za watu zilikuwa zinamsubiri. Mpya hakuiweza. Akaenda kutafuta iliyotumika.

Mwenye duka anamkumbuka vizuri. Anasema: "Nilimwonyesha moja inang'aa, nyembamba kama sahani. Akaniambia, 'Kaka, mimi sinunui sura.' Akaanza kufungua na kufunga vifuniko vya kompyuta zangu zote, anasikiliza bawaba kama daktari anavyosikiliza kifua. Akabonyeza kila kitufe. Akachomeka chaja, akaitikisa. Akaomba kiti, akachapa ukurasa mzima, mimi nimesimama tu kwenye duka langu mwenyewe!"

Aliyoichagua ilikuwa nzito, nyeusi, imechubuka pembeni. Lakini ilikuwa na betri inayokaa na feni isiyokwaruza. Mwenye duka alimhakikishia kwamba ameshafuta kila kitu cha mwenye nayo wa kwanza. Alifuta vilivyoonekana.

Sasa sikilizeni vizuri, wasikilizaji wapendwa.

Siku ya kwanza ya kazi, Dada Masikio alivaa hedifoni zake, akafungua programu ya kurekodi. Akakuta sauti moja imebaki humo. Akaicheza.

Ilikuwa sauti ya mtoto wa kike. Anasoma somo la shule. Anasoma habari za ndege. Anafika kwenye neno "mbayuwayu", anakwama. "Mbayuwa... mbayuyu... mbayuwawa..." Anacheka mwenyewe mpaka anapaliwa. Anaanza upya. Kisha geti linalia kwa mbali. Mtoto anapiga kelele: "Baba huyooo!" Kiti kinaanguka. Miguu inakimbia. Huko nje vinasikika vicheko viwili, kikubwa na kidogo. Halafu basi. Hakuna aliyerudi kuzima. Chumba kitupu kinaendelea kurekodiwa, kimya, mpaka mwisho.

Dada Masikio alirudi dukani. Akauliza hii kompyuta ilikuwa ya nani. Mwenye duka akasema ililetwa na fundi wa kuchomelea vyuma, yule yule aliyemtengenezea mlango wa duka. Na mtoto? Mwenye duka akainama. Mtoto alikuwa mmoja tu, akasema. Homa ilimchukua.

Dada Masikio akamfuata fundi kwenye karakana yake. Fundi alikuwa anachomelea fremu ya dirisha, cheche zinaruka.

"Habari za kazi, fundi."

"Nzuri, dada. Mlango au dirisha?"

"Nimenunua kompyuta iliyokuwa yako."

Fundi akazima mashine. Akainua kinga ya uso. "Imeharibika?"

"Hapana. Inaongea."

Mdogo wake Dada Masikio alisimuliwa jambo hili mara nyingi. Anasema yule fundi, mtu wa mabega mapana, aliketi chini kwenye vumbi la chuma.

"Ifute, dada yangu," akasema. "Nakuomba kama ndugu. Mke wangu alikuwa halali, hali, anaisikiliza tu. Nimezika mmoja, wa pili anaondoka huku namtazama. Alipokwenda kwa mama yake nikaiuza. Nikamwambia imeibiwa."

"Si ungeificha tu?"

"Ningeificha wapi, mahali ambapo mimi mwenyewe sipajui?"

Dada Masikio akaondoka hajaahidi kitu. Hakuifuta. Lakini pia hakwenda kwa yule mama.

Mama ndiye aliyekuja. Fundi alishindwa kumeza uongo wake, jioni ile ile akamwambia mkewe ukweli. Asubuhi Dada Masikio akasikia mlango unagongwa. Akafungua. Mwanamke mwembamba, kanga imemzidi mwili, akamuuliza bila salamu: "Wewe ndiye uliye na mwanangu?"

Wasikilizaji wapendwa, ungemjibu nini?

Dada Masikio alimwambia, "Ingia ule kwanza."

"Sikuja kula."

"Humu ndani hasikilizi mtu mwenye njaa. Ndiyo sheria ya nyumba. Nimeitunga sasa hivi, lakini ni sheria."

Yule mama akala. Alikula huku analia, lakini alikula. Kisha akavaa hedifoni. Kompyuta ikafunguliwa, mtoto akasoma, akakwama, akacheka.

Ikawa desturi yao. Mama wa mtoto anakuja, anakula, anasikiliza mara moja, anakwenda. Dada Masikio alikuwa na nakala, amempa mdogo wake aihifadhi, maana mtu wa sauti haamini mashine moja. Akataka kumpa na mama nakala ya kwenda nayo. Mama akakataa katakata. "Nikiingia nayo nyumbani, sitoki tena," akasema. Na alitaka kumsikia mwanawe kutoka kwenye kompyuta ile, si kwingine. Mwanawe alikuwa ameigusa.

Basi kompyuta ile ikawa haina ruhusa ya kufa.

Wengi mmetuuliza alifanyaje kompyuta ya mtumba ikaishi miaka yote ile. Alifanya hivi. Hakuiweka kitandani hata siku moja, kitanda kinaziba pumzi zake. Aliiweka juu ya vibao viwili, hewa ipite chini. Alipangusa vumbi la feni kwa brashi laini ya rangi. Chai haikukanyaga meza ile. Mvua ikianza kunguruma, chaja inachomolewa. Betri ilipochoka, alinunua betri, hakununua kompyuta. Alipohama dirishani kukwepa lile bomba, yeye alikaa gizani, kompyuta ikapata kona kavu.

Mwishowe bawaba moja ikavunjika. Akakifunga kioo kwa mpira wa sufuria ya presha. Mwanasheria mmoja akamtania: "Dada, hiyo ni kompyuta au ni kifurushi cha sokoni?" Akamjibu, "Kifurushi hiki ndicho kinachokuandikia kesi zako, wakili, na ndiyo maana unashinda nusu."

Alikuwa mcheshi. Lakini sasa nifike mahali pagumu.

Yule mama alianza kupona. Akanenepa kidogo. Akawa anakuja mara chache. Siku moja alikuja, wakala, wakaongea habari za bei na za majirani, akaaga akaondoka. Hakuomba kompyuta ifunguliwe. Dada Masikio alimsindikiza mpaka barabarani, akarudi, akaifungua peke yake.

Mdogo wake anatusimulia: "Nilimkuta mchana ameketi, hedifoni masikioni, vidole havichapi. Nilidhani kazi imemshinda. Nikamvua nikavaa mimi. Sikusikia kitu, jamani. Kimya tu. Sauti ya chumba. Nikamuuliza, 'Dada, unasikiliza nini?' Akasema, 'Nasubiri.' Nikamwambia, 'Unasubiri nini?' Akasema, 'Wametoka wanacheka wale. Labda watarudi kuzima.'"

Mdogo wake aliingiwa na hofu. Akamsihi anunue kompyuta nyingine, maana sasa uwezo ulikuwepo. Akakataa. Tena akaanza kueleza mambo ya chumba kile kama mtu aliyewahi kuishi humo. Kwamba kuna saa ya ukutani upande wa kushoto. Kwamba pazia ni zito. Kwamba kiti kilichoanguka hakijainuliwa bado. Akiwa sokoni, geti likilia mahali, alikuwa anageuka.

"Dada alikuwa amemtoa yule mama kutoka kwenye chumba kile," anasema mdogo wake, "halafu akabaki humo yeye."

Kisha kifua kikaanza kumsumbua. Akalala kitandani, kazi zikapungua, kompyuta ikawa juu ya vibao vyake, imefungwa na mpira wake.

Mchana mmoja mlango ukagongwa. Alikuwa fundi. Miaka yote ile hakuwahi kukanyaga pale. Alisimama mlangoni na kisanduku cha vifaa.

"Mke wangu ameniambia bawaba imevunjika," akasema.

"Imevunjika siku nyingi," Dada Masikio akajibu. "Umechelewa, fundi."

"Najua."

Akaketi mezani. Akafungua mpira ule, akaukunja, akauweka mfukoni. Alipima, akaenda karakana, akarudi na kipande kidogo cha chuma amekichonga vizuri, hakina hata ncha ya kukwaruza. Mikono ile iliyozoea milango ya maduka ikafunga skrubu ndogo kama punje za mtama. Kioo kikasimama chenyewe.

Dada Masikio akamwambia kutoka kitandani: "Iwashe, uone kama inafanya kazi."

Fundi akashika kifuniko. Akakishika kwa muda. Halafu akakishusha taratibu.

"Inasimama," akasema. "Hiyo inatosha."

Mdogo mtu alikuwepo. Anasema dada yake hakumlazimisha. Alimwambia tu: "Mtoto anakukimbilia wewe, fundi. Mimi na mama yake tumesikiliza miaka yote, na kati yetu hakuna anayemkimbilia."

Fundi akabeba kisanduku chake, akatoka bila kuaga. Dada Masikio hakuifungua tena kompyuta baada ya siku ile. Aliomba tu itakapofika siku yake, ipelekwe kwa wenyewe. Siku yake ikafika. Mdogo wake akaipeleka.

Nimekwenda kuwaona, wasikilizaji wapendwa. Wameiweka sebuleni, juu ya vibao vile vile viwili. Haina vumbi. Mkewe akanong'ona kwamba fundi ndiye anayeipangusa. Nikamuuliza fundi kama ameshasikiliza. 

"Bado," akasema. "Ila kila asubuhi nahakikisha inawaka."

Mkewe akaita kutoka jikoni: "Mwacheni. Kwanza ale."

Kwa mdogo wake Dada Masikio, sisi wa kituo hiki tunakupa pole. Dada yako alitusikiliza sote, hata tuliokuwa tunatafuna. Kwenu fundi na mama wa mtoto, poleni, kwa mtoto na kwa aliyewatunzia mtoto. Na wewe unayenisikiliza sasa hivi, nyumbani kwako kuna kitu hukifungui wala hukitupi. Leo sikwambii ukifungue. Jiulize tu ni nani amekuwa akikifungua kwa niaba yako, na kama ana mtu wa kumtoa huko.

Apumzike. Masikio yake yamefanya kazi ya kutosha.