Kitambaa Kilitosha: Maisha ya Mama Victorine Nabintu (1969–2025)

Mama Victorine Nabintu alizaliwa Kadutu, Bukavu, tarehe 14 Machi 1969, kifungua mimba wa fundi seremala na mama muuza samaki. Mdogo wake Yolande, aliyemwita yaya, yaani dada mkubwa, maisha yote, ndiye anayewasomea karatasi hii.

Alisoma hadi darasa la sita, akaachia hapo kwa sababu nyumbani kulikuwa na watoto wa kubeba. Masista walimfundisha kushona miaka miwili, na tangu hapo akawa anampima mtu kwa macho. Mchungaji mmoja aliwahi kumwambia, "Mama, acha nafasi kidogo tumboni." Akamjibu, "Baba, niliiacha. Wewe ndiye umeijaza."

Aliolewa na Octave mwaka 1991. Walifika Afrika Kusini 2003, wakapanga Duduza, mashariki ya Johannesburg. Octave, mlinzi, alifariki 2009. Victorine akabaki na watoto wawili, Gradi na Héritière, na cherehani, akiimba katika kwaya ya kanisa letu la La Rochelle, mtaa wa Johannesburg, na kuishonea sare.

Jumapili tarehe 2 Oktoba 2011, kimbunga kiliingia Duduza. Kilizoa mabati, kikaangusha kuta, watu wakajeruhiwa, mitaa ikalala nje. Kwenye foleni ya mablanketi wengine walisema wageni wakae mwisho. Jirani yake, bibi mwenyeji aitwaye Gogo Mavis, akawakemea: "Eish! Upepo ulimwuliza nani pasipoti?" Akampa Victorine na watoto nusu ya hema lake.

Na ndugu zake wa damu na wa maombi? Alipokimbilia kwa Yolande, La Rochelle, wamama wa maombi walimzunguka. "Mama Gradi, upepo haumwandami mtu bure. Ungama!" Wakamfungisha saumu siku tatu, mtu aliyetoka kulala nje. Yolande ndiye aliyeongoza kikundi, na aliogopa wasije wakasema laana imehamia kwake. Akamnong'oneza, "Yaya, sema kitu chochote, ule, ulale."

Victorine akasema alificha vipande vya kitambaa cha sare. Wakapiga vigelegele, kisha wakamtoa kwenye kwaya. Jina la mwizi likamganda karibu miaka kumi na minne.

Kitambaa hicho Yolande alikuwa amekipima pamoja naye. Hakikupungua hata upana wa kidole. Alijua, akanyamaza, na kila Jumapili alisimama kuimba akiwa ameivaa sare hiyohiyo.

Mwezi Mei mwaka huu presha ilipanda, kiharusi kikampiga upande wa kushoto. Kitandani alimwambia mdogo wake, "Siku yangu usinipambe. Sema tu kitambaa kilitosha."

"Nitasema Jumapili hii, yaya."

"Wewe? Wewe utangoja nisiwepo."

Alingoja. Jumapili zikapita, na Victorine akafariki Jumatano tarehe 13 Agosti 2025, saa nne asubuhi.

Basi isikike leo, mbele ya jeneza na mbele ya kwaya: kitambaa kilitosha. Victorine hakuiba. Yolande alijua.

Ameacha mwanawe Gradi, binti yake Héritière, wajukuu watatu, mdogo wake Yolande, na Gogo Mavis, ambaye watoto wamemweka kiti cha mbele, mahali pa dada.

Mungu ampumzishe kwa amani. Sisi tuombe msamaha tukijua kwamba aliyekuwa na haki ya kuutoa hatusikii tena.