Dokta Dorotea na Kliniki ya Mbalamwezi

Baada ya miaka ishirini na tisa ya kuuliza watu maswali yasiyomhusu, Dokta Dorotea Masalu anastaafu rasmi leo, tarehe 30 Juni 2025. Wanaume wa visiwa vya Ziwa Victoria sasa wanaweza kupumua.

Dokta ni mwanaanthropolojia wa tiba. Majirani zake Butimba hawajawahi kulielewa hilo, ndiyo maana hadi leo wanampelekea watoto wenye mafua. Kazi yake ilikuwa kukaa na watu na kujua wanaishije na UKIMWI: nani yuko na nani, nani anaficha vidonge kwenye ndoo ya unga, na kwa nini. Alianza enzi zile tulipokuwa tunazika kila wiki, dawa hakuna. Alikuwa na utani mwingi miaka ile, nadhani ili asilie.

Ziwa halikumpenda. Alikuwa akitapika kwenye kivuko cha Kamanga kabla hakijaondoka.

Si kwamba hakukosea. Dawa zilipofika, wavuvi wa dagaa walikosa kliniki mara kwa mara, nasi watu wa kliniki tukawaita watoro. Dokta akaandika makala ndefu kuhusu mila na unyanyapaa, akaisoma Ulaya, akapigiwa makofi. Kisha akaenda kukaa kwenye kambi ya wavuvi kisiwani ili aiongezee nyama. Huko alimkuta mvuvi Zadok Oyoo, mmoja wa watoro wetu, amekonda hadi suruali inafungwa kwa kamba. Mkewe, Agutu, alikuwa ameshaanza kuulizia mtumbwi wa kumrudisha kuzikwa kwao Rorya.

Dokta akajionea mwenyewe. Dagaa huvuliwa kwa taa, majuma ya giza ambayo usiku hauna mwezi, na kliniki zetu tulikuwa tumezipanga majuma hayohayo. Mbalamwezi ilipotoka, wavuvi wote walikuwa kambini wakicheza bao, na wauguzi wetu wako Mwanza.

Alirudi na hasira, akaichana makala yake mbele ya mkurugenzi wetu na kudai kliniki ifuate mwezi wa angani. Mkurugenzi akasema kiutawala haiwezekani. Dokta akahamia ofisini kwa mkurugenzi huyo na chupa ya chai, na kabla ya wiki kuisha ikawezekana.

Zadok akarudia dawa. Tumemwalika leo, amekataa. Amemtuma Agutu na gunia la dagaa na salamu kwamba tumsamehe: majuma haya ni ya giza, na yeye yuko ziwani anavua.

Hatuna zawadi inayoizidi hiyo. Asante sana, Dokta wetu. Mungu akupe uzee mtamu.