Na Mwenyewe Anasemaje?

Benchi lililo mbele ya kibanda cha Kinyozi hubeba watu wanne, na asubuhi ile wa nne alikuwa Fundi Saa. Hakuwa amekanyaga hapo miezi mitatu, tangu mkewe aanze kutundikiwa dripu za saratani. Leo mkewe mwenyewe ndiye aliyemtoa nyumbani: "Nenda kakae na wenzako. Unanitazama kama maziwa yaliyo motoni." Basi akaja, akapewa kikombe cha kahawa, akaulizwa hali.

— Anakula vijiko vitatu — alisema. — Kisha anakaa tu, kimya.

Kinyozi: — Hiyo huzuni. Mchekeshe. Asubuhi mara kumi, jioni mara kumi.

— Kama dawa?

— Kama dawa. Na usikose dozi. Haba na haba hujaza kibaba.

Mstaafu, karani wa zamani anayetembea na kalamu mfukoni mpaka leo, akatikisa kichwa.

— Habari mbaya ndizo zinazommaliza. Zima redio. Ficha na kalenda.

— Na miadi ya hospitali?

— Mgeni njoo, mwenyeji apone — alijibu Mstaafu. Hakuna aliyeelewa, lakini alivyoisema, ilikuwa vigumu kumpinga.

Dereva akashusha kikombe.

— Mnamwonea mgonjwa bure. Tatizo ni huyu fundi. Machozi ya anayeuguza hushukia vidoleni, yakaingia kwenye uji. Awe anapika na glavu.

Fundi Saa aliangalia vidole vyake. Kwa kweli alikuwa amelia juu ya sufuria, jana na juzi.

— Glavu za mpira? — akauliza taratibu.

Mama mmoja mpita njia, aliyekuwa amesimama akingoja kahawa yake ipoe, akageuka.

— Samahani, baba. Na mwenyewe anasemaje? Anataka nini?

Kinyozi akaanza kupangusa kioo. Mstaafu akakoroga kahawa isiyo na sukari. Fundi Saa alikuwa amemuuliza daktari, mfamasia na mashemeji wote. Akaaga, akaenda zake.

Alimkuta mkewe ameketi ukingoni mwa kitanda.

— Mama, unataka nini?

— Cherehani yangu.

Fundi Saa alikuwa ameihamishia stoo wiki ile ya kwanza ya dripu, akihofia kelele zitamuumiza. Akaibeba, akaipangusa, akaitia mafuta. Mkewe akashona upande mmoja wa foronya, akauinua mshono dirishani.

— Niambie kweli.

Miezi mitatu Fundi Saa alikuwa akisifia kila kitu: rangi ya uso wake, hata vile vijiko vitatu.

— Umepinda — alisema.

— Sana?

— Kama njia ya mlevi.

Mkewe akacheka mpaka akashika mbavu, na yeye akajikuta anacheka naye. Kisha mkewe akaufumua mshono, akatunga uzi upya, akaanza tena.