Mzee Nchagwa, Mbuni na Soksi ya Bwana Harusi

Tarehe 30 Juni mwaka huu wa 1967, Mzee Nchagwa Gisiri atashuka kwenye lori la ofisi yetu ya mifugo kwa mara ya mwisho. Ametumika miaka thelathini na mmoja. Nimeombwa kuandika wasifu wake kwa jarida la wafanyakazi kwa sababu mimi ndiye mpiga taipu, na nadhani pia kwa sababu kila mtu anajua kwamba bila yeye leo nisingeitwa Bibi Onyancha. Jina tamu kama nini!

Mzee alizaliwa Kehancha. Mwaka 1936 alianza kazi akiwa utingo wa lori la kokoto, akajifunza kuendesha kwa kutazama miguu ya dereva wake. Baada ya vita alihamia upande wa mifugo, na tangu hapo amepeleka mafahali Sindo, dawa ya kuogeshea ng'ombe Magunga, na safari moja nguruwe jike aliyezaa njiani. Alipofika Rangwe, karani alikataa kuwapokea wale watoto kwa kuwa karatasi ilitaja nguruwe mmoja tu. Mzee alirudi nao Homa Bay, wakilia mapajani mwake. Hajapindua gari hata siku moja, wala hajamwacha mtu barabarani mvua ikinyesha.

Tena ni mwalimu. Kila mfanyakazi mpya amefundishwa naye mahali pa kununua samaki wazuri na ukweli wote kuhusu wanyama. Shida iko hapo kwenye ukweli. Kuhusu mbuni, kwa mfano, alitufundisha kwamba akiogopa huficha kichwa mchangani, akidhani amejificha mwili mzima. Kwamba chuma huyeyuka tumboni mwake. Kwamba teke lake huenda nyuma kama la punda. Na kwamba ni bubu tangu kuumbwa. Tuliyaamini yote. Kisha mwezi wa Aprili tukaletewa mbuni wa kweli, na tangu hapo hakuna mtu ofisini anayejua lipi ni lipi. Mimi nimechanganyikiwa kuliko wote, lakini mwenzenu nilikuwa ninaolewa siku hiyohiyo.

Yule mbuni, dume jeusi, alitoka Umasaini akashushwa Migori, apelekwe kwenye maonyesho ya kilimo ya Homa Bay. Alhamisi Mzee na Japheth Onyancha, msaidizi wa daktari wa mifugo, mpenzi wa roho yangu, walikwenda kumchukua. Walitakiwa kurudi Ijumaa mchana, kwa maana harusi yetu ilikuwa alasiri. Sisi ni Wasabato. Jua likizama Ijumaa, Sabato imeingia na ndoa haifungwi tena. Pasta naye Jumapili alikuwa anavuka kwenda Tanzania mpaka Agosti. Basi kati yangu na mume wangu palikuwa na jua moja tu.

Walipofika Rodi Kopany, barabara ikiwa tope tupu, ubao wa kizimba ulivunjika. Japheth, aliyesomea ng'ombe, mbuzi na kuku, alikwenda kusimama mbele ya ndege, kama alivyofundishwa. Teke likaja mbele. Lilimkosa goti kidogo tu, likatoboa debe la maji.

"Huyu amegeuka," Mzee alisema. "Kijana, sasa simama nyuma."

Alipoinama kuufunga ubao kwa kamba, ufunguo wa lori ulikuwa unaning'inia kwenye mkanda wake, unang'aa. Mbuni akaudonoa, akaumeza. Watu wa soko waliokwisha kukusanyika waliutazama ukiteremka shingoni polepole, kama mgonjwa anayeshuka ngazi.

"Yawa, jaduong', mzee wangu, chinja tu!" alipaza sauti muuza nyama mmoja, panga mkononi. "Ufunguo utoke, bwana harusi aende zake, na sisi tupate mboga!"

Japheth alilitazama jua. Ameniambia mwenyewe, nami nimezidi kumpenda kwa hilo, kwamba alikuwa amekaribia kusema ndiyo. Lakini Mzee alisimama kati ya panga na shingo.

"Utachinja bure," alimwambia muuza nyama. "Chuma tumboni mwa mbuni ni kama ugali tumboni mwako. Saa hii ule ufunguo umekuwa uji."

Alisema kwa uhakika kiasi kwamba yule bwana alilishusha panga lake, akasikitika. Jumatatu iliyofuata ufunguo ulitoka mzima, na ndio unaowasha gari mpaka leo. Mzee anasema uji uliganda.

Pale Rodi ndege alikuwa anapigapiga mbao zilizobaki. Mzee akakumbuka somo lake la kichwa, lakini mchanga hakuwa nao.

"Kijana, lete soksi."

Japheth akafungua sanduku, akatoa soksi mpya nyeusi ya harusi. Mzee akamvisha mbuni kichwani, akimwachia ncha ya mdomo apumue. Mbuni akakaa chini, akatulia kama gunia la maharagwe! Kwenye maonyesho, mwalimu mmoja alitueleza kwamba mbuni hafukii kichwa hata kidogo, ila huinama kuyageuza mayai yake kwenye shimo. Tukamuuliza, basi kwa nini soksi ilimtuliza? Mwalimu akasema hilo hajalisoma.

Likabaki lori, ambalo bila ufunguo lingewaka tu kwa kukata nyaya na kuziunganisha. Kwa sheria, nyaya za gari la serikali huguswa na fundi peke yake, na dereva anayezikata hujiweka hatarini yeye na pensheni yake. Mzee alikuwa amebakiza miezi miwili. Japheth alimkumbusha.

"Pensheni itaningoja," Mzee alijibu, akichomoa kisu. "Jua halingoji mtu. Shika hendeli ya injini, zungusha."

Kanisani maua yalikuwa yamenyauka mikononi mwangu. "Bibi harusi hachungulii mlangoni kama muuza maandazi," shangazi yangu Jedidah alinikemea, naye akichungulia juu ya bega langu. Jua lilikuwa limeinamia ziwa tulipoisikia honi.

Japheth aliruka chini na suti ya tope, akaomba soksi yake, kwa kuwa mwanamume haoi na mguu mmoja mtupu. Akavaa, akaingia. Mzee alikataa kuingia. Alisema ndege ameonyeshwa dunia tena na lazima mtu amshike.

Pasta alisoma haraka kuliko alivyowahi kusoma. Alipouliza kama yupo mwenye kipingamizi juu ya ndoa hii, kutoka kwenye lori likaja ngurumo. Ngurumo ya simba kabisa! Kina mama waliingia chini ya mabenchi. Bwana Mayaka, mwimbishaji wetu, aliruka nje kwa kupitia dirishani. Pasta alikifunga kitabu chake, na jua lilikuwa jekundu mlangoni, na mimi nilijua Agosti imefika.

Ndipo sauti ya Mzee ikasikika kutoka nje: "Pasta, endelea! Ni huyu mbuni! Si ndugu wa upande wowote!"

Pasta akaendelea. Mimi nilijibu "ndiyo" kabla hajamaliza kuuliza. Tulipomaliza kuwatoa mashahidi chini ya mabenchi, tukatoka nje, ukingo wa jua ulikuwa bado juu ya maji. Yule bubu alinguruma tena, na Mzee alikuwa amemkumbatia shingo, akimbembeleza kwa Kikuria.

Mzee wetu, ofisi nzima inakushukuru kwa kila mzigo uliofika, na mimi na Japheth kwa huu wetu. Wewe na mkeo Mama Priscah mkapumzike Kehancha, ng'ombe wazae, wajukuu wajae uani, na Mungu awape siku nyingi ambazo jua lake halina haraka.