Jongoo Asiyekuwepo

Wafiwa wenzangu, majirani, mliofanya kazi na marehemu, nawe Profesa, mkuu wa idara yake, uliyekaa pale kiti cha mbele, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yangu, mimi niliyeachiana naye ziwa, fundi cherehani wa mkabala na kituo cha mafuta, na wengi wenu mnaujua mdomo wangu, mteja akinizungusha namwambia, akinizungusha tena nawaambia na majirani zake, lakini leo mimi mwenyewe naiogopa karatasi hii niliyoishika. Ina sehemu moja, karibu na mwisho, ambayo baba mdogo amenisihi asubuhi hii niiruke, akanikumbusha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami nikamwitikia kwa adabu kama mtoto aliyelelewa, ila sikuikata. Tutafika huko, kwanza nianze mwanzo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1964, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa kwanza wa fundi wa mabehewa na mke wake aliyekuwa akishona mashuka ya hospitali, na tangu utotoni alikuwa mwoga kupita kiasi, akiogopa radi, akiogopa ngazi, akiogopa hata kuku mwenye vifaranga, mama akawa anamtania kwamba huyu Mungu alisahau kumpa gamba la kobe. Siku moja watoto wa jirani walimtia jongoo ndani ya mkoba wa shule, akapiga yowe mtaa mzima ukatoka, na yule jongoo kwa kelele zile akajikunja akawa kama kifungo cha koti, dada akamwinamia, akasema huyu naye anaogopa, basi urafiki wao ukaanza hapo, na sisi wa nyumbani hatukupata raha tena.

Alianza shule ya msingi Januari 1972, kwenye shule ya mabati iliyo upande wa pili wa reli, akaendelea na sekondari ya wasichana ya bweni kuanzia Januari 1979, kisha akaingia chuo kikuu na kuhitimu shahada ya elimu ya wanyama tarehe 24 Novemba 1988, na kote huko alikuwa wa mwisho kukabidhi karatasi ya mtihani, si kwa kutojua, bali kwa kuogopa kukosea, mpaka msimamizi anaivuta karatasi upande huu na yeye ameing'ang'ania upande ule.

Tarehe 3 Julai 1989 aliajiriwa katika idara ya wanyama ya chuo, chumba cha sampuli, ghorofa ya chini, chumba chenye dirisha moja la juu ambalo ukitazama unaona viatu vya wapita njia tu, chenye makabati ya chuma yaliyoshika kutu kwenye kona, na harufu ya spiriti iliyomfuata nyumbani mpaka kwenye mto wa kulalia, akafanya kazi hapo maisha yake yote. Kazi yake ilikuwa kuwatambua jongoo, kila mmoja ndani ya chupa yake, na lebo inayosema ameokotwa wapi na lini, na lebo ya pili inayosema ni nani aliyemtambua, na hiyo ya pili ndiyo iliyomnyima usingizi, kwa sababu inabeba jina la mtu, naye alikuwa akiniambia chupa itabaki pale sisi sote tukiwa tumeshakuwa udongo, na atakayeifungua atanihukumu nami sipo kujitetea. Wahenga walisema mtupa jongoo hutupa na mti wake, lakini huyu dada yangu kila jongoo aliyetupwa alimfuata kumwokota, na mti akaugeuza kuangalia kama kuna mwingine, ndiyo maana nusu ya mji huu mlimwita Mama Jongoo, na aliitika.

Tarehe 18 Desemba 1993 alifunga ndoa na dereva wa idara, shemeji yangu huyu hapa aliyeshika kofia, aliyempeleka msituni miaka minne kabla hajathubutu kumwambia neno, na nguo ya harusi niliishona mimi, akanifumulisha kiuno mara kadhaa kwa kuhofia kwamba itapasuka mbele za watu, na haikupasuka. Walijaliwa mtoto mmoja, binti, tarehe 4 Mei 1996, ambaye sasa anasomea shahada ya uzamivu katika idara hiyohiyo ya mama yake, chini ya usimamizi wa Profesa, na hilo naomba mlishike, lina kazi mbele.

Kazi kubwa ya maisha yake ilikuwa orodha ya jongoo wote wa msitu wa mlimani, ule tunaouona kutoka kwenye tangi la maji, orodha aliyoikusanya kwa miaka na miaka, akipekua majani yaliyooza na magogo, mpaka ikawa mswada kamili wa kupelekwa kwenye jarida la kimataifa la bioanuwai, wenye jina lake kwanza na jina la Profesa la pili. Waliutuma tarehe 15 Agosti 2022, na ndani yake kulikuwa na jongoo mmoja mpya, ambaye hakuna mtu duniani aliyewahi kumwandika, Profesa akafurahi akatangaza kwenye mkutano wa chuo, watu wakapiga makofi, na dada akarudi nyumbani akiwa amekunja uso.

Hapa nieleze kidogo, nami nilielezwa mara nyingi mpaka ikaniingia. Jongoo hatambuliwi kwa rangi wala urefu, anatambuliwa kwa dume aliyekomaa, mwenye kiungo kilichofichwa kwenye pingili ya saba, na kila aina ina cha kwake, kama kila kufuli ilivyo na ufunguo wake, ila dume mtoto kiungo hicho hajakipata, ana kichipukizi tu. Sasa kisukari kilikuwa kimeanza kula macho ya dada, naye alijua, akatuficha, na akamficha hata mume wake, kwa kuogopa kwamba akisema atanyang'anywa hadubini, na atabaki ofisini kama kabati.

Januari 2023 alikuwa akipanga chupa za kukabidhi makumbusho, akamwita binti yake amtazamie yule jongoo mpya na kumweleza anachokiona, na binti, ambaye hapendi jongoo hata kidogo lakini mama ni mama, akatazama, akarekebisha taa, akatazama tena, akasema mama, mbona hiki ni kichipukizi, huyu bado mtoto. Nilipoitwa nilimkuta dada amekaa sakafuni katikati ya makabati, mikono baridi kama ya mtu aliyetoka kufua, akiniambia nimempa mtoto jina la mtu mzima, na dunia itaninakili. Kosa hilo mimi fundi siwezi kulifanya, wala daktari, wala dereva, ni kosa la watu wa jongoo peke yao, na kwao ni kubwa, maana wa kesho ananakili orodha ya leo, na kesho kutwa mtu anaenda msituni kumtafuta mnyama ambaye hajawahi kuwepo.

Alimwogopa Profesa kuliko alivyoogopa upofu, nalisema hili mbele yako Profesa, unisamehe, akaniomba nimsindikize, tukasimama nje ya mlango wako tukisoma tangazo la zamani la mashindano ya mpira kama watu wanaotafuta timu, mpaka katibu wako akatuuliza tuna shida gani, tukaingia, akakuungamia kosa lake na macho yake. Hukumtukana, sitakusingizia, ulimwambia tu kwamba macho yake yalikuwa mazima zaidi alipomwandika kuliko sasa anapomfuta, naye akatoka, na siku ileile akamwandikia mhariri wa jarida kuuondoa mswada mzima. Ulikaa miezi mingi bila kumsalimia kwenye korido, na kila siku ya miezi hiyo alivaa viatu vya raba ili usimsikie akipita, kichekesho kwa mtu mzima, ila tulichekea nyumbani huku tunaogopa.

Akaanza upya, chupa moja baada ya nyingine, binti akiwa kwenye hadubini na mama amekaa pembeni amefumba macho, binti akisema nilichoona kimepinda hivi, kina jino hapa, na mama akiuliza jino moja au pacha, limeelekea wapi, hebu mgeuze, na penye hakika wakaacha jina, na penye shaka wakaandika shaka, kwa alama wanayoitumia wao, kwa sababu alisema la kuvunda halina ubani, na shaka iliyoandikwa haimuui mtu. Tarehe 11 Machi 2024 mswada ulitumwa tena, mfupi kidogo, bila yule jongoo, na jioni hiyo nilimwona dada yangu akila chakula akamaliza sahani.

Furaha hiyo haikukaa. Figo zilikuwa zimechoka zamani, na tarehe 22 Aprili 2024 alilazwa hospitali ya rufaa, wodi ya wanawake, kitanda cha karibu na mlango, akamwomba Profesa ashughulikie barua zote za mhariri badala yake, na Profesa akakubali, akaja kumwona, wakapatana, nilikuwepo na nilifurahi. Lakini hofu haikumwachia, kila nilipoingia, kabla ya salamu, aliniuliza yule mtoto hayumo, sivyo, nami nikamjibu hayumo dada, lala, akalala, akiamka anauliza tena, na siku ya mwisho sauti ilikuwa imekwisha, aliuliza kwa macho, macho yaleyale yasiyoona, nikamjibu hayumo. Alifariki siku ya Jumapili tarehe 2 Juni 2024, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mume wake.

Ndugu zangu, sehemu yenyewe ndiyo hii, na baba mdogo nakuona unavyonitazama, nihurumie.

Mmeshika karatasi za ratiba, zigeuzeni nyuma, mtaona picha ya jongoo, na chini yake maneno kwamba spishi mpya imepewa jina la marehemu. Jumanne nakala ya mwisho ya makala, ile inayosomwa mara moja kabla ya kuchapishwa, ilimfikia binti kwa sababu ndiye anayefungua barua pepe za mama yake, na yule jongoo yumo, amerudishwa, na sasa ana jina la dada yangu. Profesa alimweleza baba mdogo kwamba hilo ni shada lisilonyauka, na sisi wote tulilia kwa shukrani, hata mimi nililia, ni ukoo gani hapa umewahi kupewa mnyama wa jina lake, mpaka binti aliponivuta jikoni, akafunga mlango, akaniambia mama mdogo, ni yuleyule.

Nikamuuliza kwa nini hasemi, akasema nitasemaje, ndiye anayesaini kazi yangu, na watasema namnyima mama yangu heshima, na jibu la nakala linatakiwa Jumamosi hii. Nimekaa na jambo hili siku mbili na sijashona hata tundu la kifungo, kwa sababu nami naogopa, namwogopa Profesa, naogopa kumharibia mtoto, naogopa wakubwa wa ukoo huu, na naogopa msiba kugeuka ugomvi, na kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, ningekuwa na akili ningekimbiza wangu. Lakini mimi ndiye niliyemwambia hayumo. Nilimwambia mpaka pumzi ya mwisho, akaniamini, na kama tutamzika leo na Jumamosi yule mtoto akachapishwa, basi nitakuwa nimemdanganya mtu anayekufa, na kosa aliloliogopa kuliko kaburi litaitwa kwa jina lake milele.

Profesa, najua umefanya kwa upendo, na labda bado unaamini kwamba yale macho ya kwanza ndiyo yaliyokuwa sahihi, nami sina elimu ya kubishana nawe, ninaomba jambo moja tu, chupa iko palepale ilipo, na hadubini iko mezani, tukitoka makaburini nenda ukaangalie kwa macho yako mwenyewe. Ukimkuta ni mtu mzima, mwite jina la dada yangu, na nitakuomba radhi mbele ya watu hawahawa. Ukimkuta ni mtoto, mwondoe, na hasira zako nishushie mimi dukani kwangu, binti huyu usimguse, yeye hajasema neno, aliyesema ni mimi.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake waliomvumilia kwa maswali yake, nawashukuru majirani mlioacha majiko yenu kuja kukoleza moto wetu, nawashukuru wafanyakazi wenzake wa chumba cha sampuli waliombeba leo kwa mabega yao, nakushukuru nawe Profesa kwa gari la idara, na kwa kukaa kitini mpaka nimefika mstari huu.

Dada yangu, hayumo. Pumzika kwa amani, umeogopa vya kutosha, sasa zamu ni yangu.