Dada Aliyemfundisha Kila Mtoto kwa Njia Yake

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, kifungua mimba wa fundi cherehani na mkunga. Miaka miwili baadaye akazaliwa mdogo wake, ndiye anayewasomea wasifu huu, na tangu hapo wawili hao hawakuacha kupimana vimo.

Alimaliza shule ya msingi iliyo nyuma ya stesheni ya reli mwaka 1971. Baada ya sekondari aliingia chuo cha muziki, mwaka 1979, darasa moja na mdogo wake. Mtihani wa mwisho aliongoza mdogo. Haki isemwe, hata msibani.

Mwaka 1983 walipanga vyumba viwili juu ya duka la fundi viatu, wakaanza kufundisha fidla, mdogo chumba cha kwanza, marehemu cha pili. Mdogo alifundisha kwa nota na kitabu, asiyeelewa alirudia. Marehemu alimwangalia mtoto kwanza. Wa kujifunza kwa kuona alimbandikia karatasi za rangi chini ya nyuzi. Wa kusikia alimwimbisha wimbo mzima kabla hajashika upinde. Asiyetulia alimtembeza chumbani akihesabu mapigo kwa miguu.

"Hiyo fidla au gwaride?" mdogo aliwauliza wazazi wa wanafunzi ngazini. Wazazi walicheka, kisha wakapitiliza hadi mlango wa pili.

Tarehe 6 Desemba 1986 aliolewa na mpima ardhi, mtu wa maneno machache, wakajaliwa wana wawili.

Donda lilitoneshwa mwaka 1998. Binti wa mdogo, wa miaka tisa, alikuwa akilia kila somo la mama yake. Siku moja mama akasikia, ng'ambo ya ukuta, wimbo ule ule uliomshinda mtoto ukipigwa bila kosa. Akaingia bila hodi.

"Dada, wanafunzi wangu umewachukua. Na mwanangu pia?"

"Sijamchukua, mdogo wangu. Huyu anasikia kabla ya kusoma. Mpe wimbo, karatasi itafuata."

"Na mama mkubwa hanifokei," mtoto akaongeza.

Miaka miwili mdogo hakumsemesha dada yake. Marehemu aliendelea kumjulia hali kila asubuhi, kana kwamba anajibiwa, mpaka asubuhi moja akajibiwa.

Mwaka 2022 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Mdogo alikwenda hospitali kila alasiri, na siku moja alibeba fidla.

"Piga," marehemu akasema.

Akapiga. Marehemu aliinua mkono uliokonda, akamgusa kiwiko, akakishusha kidogo tu. Sauti ikafunguka, sauti ambayo alama zote za chuo hazikuwahi kumpa. Mdogo akalia, akiwaonea wivu watoto wote waliowahi kupita mlango ule wa pili.

"Mbona miaka yote hukuniambia?"

"Wewe ukiambiwa unabisha. Wewe ni wa kuguswa."

Alifariki tarehe 19 Agosti 2023. Ameacha mume, wana wawili, wajukuu watatu, binti aliyemwita mama mkubwa, na mdogo mmoja.

Pumzika sasa, dada. Amani ya Mungu ikufunike.